Modemu ya waifai kwa Commodore 64: ijaribu kwa bredibodi kabla bodi haijachapishwa

Sasa wasee, kuna modemu mpya nimekuwa nikicheza nayo kwa meza yangu hapa Umoja, Nairobi, karibu miezi miwili, ni ya kompyuta za kitambo kama Commodore 64, zile mtu alikuwa anachomeka kwa TV ya sebuleni, na kabla sijatuma mchoro wa bodi uende kuchapishwa nataka wenye mashine waiunde kwa bredibodi, ile bodi ya kuchomeka nyaya bila kusolda, waone kama itawafanyia venye inanifanyia mimi. Kwa hivyo haya ni maelezo ya kuijenga na kuijaribu, na nimeyaandika kwa mpangilio ule ule nilipaswa kufuata mwenyewe badala ya kukimbia. Nilikimbia nikaunguza chipu moja na kupoteza wikendi mbili.

Kwanza ujue hii kitu ni mwongo. Upande wa Commodore inajifanya modemu ya simu ya mwaka wa 1981, inaitika amri, inasema CONNECT, inakata simu ukiiambia ikate. Upande ule mwingine hakuna laini ya simu, kuna waifai ya nyumbani kwako. Kompyuta haijui tofauti na haina haja ya kujua, juu yenyewe tangu zamani haikuwahi kuona simu, ilikuwa inaona nyaya tatu tu, moja ya kutuma, moja ya kupokea na moja ya eathi.

Mbona 1981? Ni mwaka kampuni ya Hayes walitoa Smartmodem, ya kasi ya biti 300 kwa sekunde, na hapo ndipo ile tabia ya kuandika AT mwanzo wa kila amri ilianzia. AT ni kama kumwambia mtu "sikiza". Unaandika ATDT na namba, inapiga. Wengine wote wakaiga, mpaka modemu za miaka ya 90 zilizokuwa zinapiga kelele kwa ofisi za hapa mjini kwa laini za KPTC, shirika la simu la wakati huo, bado zilikuwa zinaongea lugha hiyo hiyo. Na kabla ya Hayes, Chicago, Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess walikuwa tayari wamewasha CBBS, ubao wa matangazo wa kwanza unaoupigia simu kwa kompyuta, waliuanza wakiwa wamefungiwa ndani na theluji. Mtu mmoja anapiga, anasoma, anaandika, anakata, ndio mwingine aingie. Bao za matangazo za namna hiyo, ambazo pia nitaziita bodi, bado ziko, ila siku hizi zinapigiwa kwa intaneti, na huko ndiko tunaenda.

Haya, vitu. Unahitaji ESP-01, ile bodi ndogo nyeusi yenye pini nane na chipu ya waifai ya ESP8266. Nimesema nyeusi kwa sababu, zile za bluu za zamani kawaida zina memori ya kilobaiti 512 na nyeusi ina megabaiti 1, na programu tunayoweka inataka hiyo 1. Zinapatikana Luthuli Avenue kwa maduka ya spea za elektroniki, zangu mbili zilinitoka chini ya elfu moja. Uongeze regyuleta ya AMS1117-3.3 ya kushusha 5V iwe 3.3V, kapasita mbili, moja ya 10 na moja ya 100 maikrofaradi, resista za 10k nne, resista moja ya 1k, bredibodi, nyaya za kuchomeka, na ile adapta ya USB ya ESP-01 ya kuiwekea programu. Chaja ya simu ya 5V unayo tayari.

Kitu kimoja tu hutakipata Luthuli, na nimezunguka mpaka River Road nikachoka, ni kontakta ya kuingia kwa mlango wa nyuma wa Commodore, ile poti ya mtumiaji. Ni ya pini 24, kumi na mbili juu kumi na mbili chini, nafasi kati ya pini na pini ni milimita 3.96. Muuzaji mmoja aliniangalia akaniambia, "boss, hiyo hata mimi sijawahi kuiona nikiwa mzima." Yangu niliagiza nje. Usidanganyike ununue ya milimita 2.54 ati utaikunja, utagusisha pini mbili kwa wakati mmoja, na utaona hapo mbele kwa nini hilo ni kosa la kukuliza.

Sasa ngoja niseme kuhusu Wemos D1 mini, kwa maana najua kuna mtu anasoma hii anasema kwani si nitumie ile, iko na USB tayari na regyuleta tayari. Nilifikiria hivyo pia. Kwa ile bodi kuna chipu nyingine, CH340, ndio inaongea na USB, na hiyo chipu imeunganishwa kwa pini ile ile ya kupokea ya ESP kupitia resista ndogo ya 470. Ikiwa na stima inaishikilia hiyo pini juu hata kama laptopu haipo. Kwa hivyo Commodore ikijaribu kuvuta waya chini ndio itume herufi, inavutana na CH340, na ukiwa umeweka resista za kupunguza volti kama nitakavyokuonyesha, Commodore inashindwa kabisa. Mimi nilikuwa naona modemu inanitumia READY vizuri kwa skrini lakini nikiandika AT haisikii chochote, siku mbili, nikabadilisha nyaya zote, nikashuku mpaka kibodi. Kuna watu wanaitumia hiyo bodi moja kwa moja bila resista na inawafanyia. Sawa. Lakini mimi mashine yangu ni ya 1980 na kitu, chipu zake hazitengenezwi tena, sitaki ikivutana na mtu. ESP-01 haina CH340, shida imekwisha.

Kuweka programu. Inaitwa Zimodem, imeandikwa na Bo Zimmerman, ni ya bure. Weka Arduino, ile programu ya kuandikia chipu kama hizi, kwa laptopu, ongeza bodi za ESP8266, chagua Generic ESP8266 Module, ukubwa wa 1M wenye nafasi kidogo ya mafaili kwa sababu ndimo inahifadhi mipangilio yako. Halafu kuna ujanja, zile adapta za bei ya chini za USB nyingi hazina kitufe cha kuingia hali ya kuflashi, yaani kupokea programu, lazima pini ya GPIO0 iguse eathi wakati inapata stima, na ukiichomeka bila hivyo Arduino itakaa ikiandika nukta nukta mpaka ikate tamaa. Mafundi husolda kiwaya kidogo nyuma ya adapta, mimi nilisolda na kaswichi. Ukimaliza kuflashi toa kiwaya, chomoa, chomeka tena.

Na hapa ndipo watu wanaharakisha. Usiende kwa Commodore bado. Hii modemu iko na vipande vinne, programu, waifai, volti na Commodore yenyewe, na ukiviunganisha vyote mara moja halafu skrini inyamaze huna njia ya kujua ni nani amenyamaza. Kwa hivyo modemu ikiwa bado kwa USB ya laptopu fungua dirisha la Serial Monitor ndani ya Arduino, weka kasi ya 1200, na mwisho wa mstari uwe CR (Carriage Return) pekee, kisha andika

AT

Inafaa ijibu OK. Ukiona takataka kwanza wakati inawaka, alama za ajabu ajabu, usishtuke, ESP8266 ikiamka huongea kwa kasi ya 74880, na wewe unasikiliza 1200, kwa hivyo lazima ionekane matapishi. Hiyo ni mara moja tu. Takataka ikijirudia kila sekunde mbili tatu basi inajizima na kujiwasha, na hiyo karibu kila mara ni stima haitoshi.

Ikijibu OK andika ATW peke yake, itakuorodheshea waifai inazoona. Yako ikikosa kwa orodha angalia kama rauta ama hotspoti ya simu imewekwa kwa 5GHz, hii chipu inajua 2.4GHz peke yake. Kisha

ATW"jina,paswadi"

bila nafasi katikati, na ikikubali andika AT&W ihifadhi. Fanya hii hatua hapa kwa laptopu, usingoje Commodore, na sababu si uvivu. Commodore haitumii ASCII ya kawaida, ule mpangilio wa kuipa kila herufi namba, inatumia yake ya PETSCII, ambapo herufi kubwa na ndogo zimekaa tofauti. Ukibonyeza a kwa Commodore bila shift inatoka namba ambayo kwa ASCII ni A kubwa. Kwa amri hakuna shida, AT ni AT. Kwa paswadi ya waifai yenye kubwa na ndogo utasota mpaka uamini rauta imeharibika.

Ukiwa bado kwa laptopu piga simu ya kwanza, na usiipige mbali, jipigie mwenyewe. Fungua dirisha la amri, kwa Linux ama Mac andika nc -l 6400, hapo laptopu inangoja simu kwa mlango wa 6400. Tafuta IP yake, tuseme 192.168.0.12, rudi kwa modemu uandike

ATDT"192.168.0.12:6400"

Ikisema CONNECT, unachoandika upande huu kinatokea ule. Kukata, nyamaza sekunde moja, andika +++ bila kubonyeza enta, nyamaza tena sekunde moja, itarudi kwa hali ya amri, kisha ATH. Hiyo kunyamaza si mapambo. Bila kunyamaza, mtu akiandika alama za kujumlisha tatu ndani ya barua modemu ingetoka kwa mazungumzo irudi kwa hali ya amri.

Hadi hapo tumemaliza nusu na Commodore bado iko kwa kabati. Itoe sasa, lakini bado usiiwashe.

Aside kidogo ya chaja yake, kwa sababu nimeona mtu akilia. Kama mashine yako ilikuja na mtu aliyerudi kutoka Marekani, ile chaja kubwa nzito ni ya 120V, ukiichomeka kwa stima ya Kenya ya 240 hiyo ni jeneza. Na hata ile ya 240 ikizeeka, regyuleta ya ndani inaharibika kwa njia mbaya, badala ya kutoa 5V inatoa zaidi na inakula memori. Pima na testa kabla ya kuwasha, pini ya 5 ndio 5V na pini ya 2 ndio eathi, ikizidi 5.2 iache. Yangu mimi niliipata kwa mnada wa vitu vya nyumba Lavington, ndani ya katoni moja na pasi mbovu na vitabu vya kupika, na chaja ilikuwa inatoa 6 na kitu. Namshukuru Mungu nilipima.

Sasa ile poti ya nyuma. Ukiitazama kutoka nyuma ya mashine, safu ya juu ni namba 1 mpaka 12 kutoka kushoto, ya chini ni herufi A B C D E F H J K L M N, hakuna G wala I. Tunataka herufi chache tu. A na N ni eathi. M ndio Commodore inatuma. B na C zote mbili zinaunganishwa pamoja na ndizo Commodore inapokea. Watu huuliza mbona mbili, B ndio kengele, waya ukishuka mwanzo wa herufi B inaamsha prosesa iache inachofanya, halafu C ndio inasomwa biti kwa biti. Ukiunganisha C peke yake hakuna atakayeamka.

Sasa sikia vizuri. Juu ya M, upande wa pili wa ile ile sehemu, kuna pini 11. Pini 10 na 11 ni 9V, na si DC, ni AC moja kwa moja kutoka kwa transfoma. Kwa hivyo waya wako wa kutuma umelala mgongo kwa mgongo na volti ambazo zikigusa M zinaenda moja kwa moja kwa chipu ya CIA ya pili, chipu ya kuingiza na kutoa data, aina ya 6526, na hiyo ikifa hupotezi modemu pekee, ndiyo inaongea pia na diski draivu na ndiyo inamwelekeza chipu ya picha isome memori gani. Hii ndio ile chipu niliunguza. Nilikuwa nimesolda kwa haraka, unywele mmoja wa waya ukabaki umesimama. Kwa hivyo kwa pini 10 na 11 za kontakta usisolde chochote, kata miguu yake kabisa ama uing'oe, kisha weka mpira wa kubana kwa joto juu ya M. Na kwa kuwa kontakta inaweza kuingia kichwa chini miguu juu, andika JUU kwa kalamu isiyofutika, kubwa, hata kama wewe ni mwerevu.

Volti sasa. Commodore ni 5V, ESP ni 3.3V. Kutoka ESP kwenda Commodore hakuna neno, Commodore haihitaji 5V kamili ndio ihesabu moja, 3.3 inatosha, pitisha tu kwa ile resista ya 1k kwa usalama kisha uende B na C. Kutoka Commodore kwenda ESP ndio lazima upunguze. Michoro mingi inakwambia tumia 1k na 2k, hesabu inakubali, 5V inakuwa 3.3. Lakini pini za 6526 zikiwa juu hazina nguvu, zimeahidiwa kutoa maikroampia 200 hivi tu, na 1k na 2k zinaomba zaidi ya mara nane ya hiyo. Unapata volti zimelegea, mara inasoma mara haisomi, na unalaumu programu. Weka 10k kutoka M mpaka RX, pini ya kupokea ya ESP, halafu 10k mbili zikifuatana kutoka RX mpaka eathi. Hiyo inakula maikroampia 170 hivi. Kwa kasi zetu hizi za konokono inatosha kabisa.

Stima ya modemu usitoe kwa Commodore. Pini 2 ya poti ina 5V lakini imekadiriwa miliampia 100, na ESP8266 ikirusha waifai inaweza kupita 170 kwa muda mfupi. Kuna wenye wanatoa hapo na mashine zao ziko hai, sawa, mimi natumia chaja ya simu, 5V inaingia AMS1117, kapasita ya 10 upande wa kuingia, ya 100 upande wa kutoka karibu kabisa na ESP. Pini ya EN ya ESP, wengine wanaiita CH_PD, iende kwa 3.3V kupitia 10k, la sivyo haiamki. Halafu ile AMS1117 inahitaji kama volti moja na robo juu ya inachotoa, kwa hivyo kebo ya USB nyembamba ya mtumba inayoangusha volti mpaka 4.3 itakupa modemu inayojizima kila ikipiga simu. Badilisha kebo kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Eathi ya chaja, ya modemu na ya Commodore lazima ziungane, na ziunganishe kila kitu kikiwa kimezimwa, hizi chaja za bei rahisi huwa zinavuja kidogo, ule mwasho unaousikia ukigusa simu ikichaji, na hutaki mwasho huo utafute njia kupitia M.

Washa modemu kwanza, ngoja kama sekunde kumi ishike waifai, halafu washa Commodore. Andika hii:

10 OPEN 2,2,3,CHR$(8)+CHR$(0)
20 GET#2,A$:IF A$<>"" THEN PRINT A$;
30 GET B$:IF B$<>"" THEN PRINT#2,B$;
40 GOTO 20

Hiyo CHR$(8) ndio 1200, biti nane, biti moja ya kusimama. Ukitaka 300 ni CHR$(6). OPEN iwe mstari wa kwanza kabisa kwa sababu ikifungua hiyo chaneli inafuta vigezo vyote na kuchukua baiti 512 za memori juu kwa ajili ya kupokea na kutuma, ukiwa umeshaweka vitu vyako kabla vinaenda. RUN, kisha andika AT na ubonyeze RETURN. OK ikitokea kwa ile skrini ya bluu, mimi nilipiga kelele mpaka mama wa nyumba ya chini akaniuliza kama Gor Mahia wamefunga bao.

Usipoona unachoandika, andika ATE1 hivyo hivyo kipofu. Ikijibu lakini haisikii, angalia zile 10k. Ikisikia, yaani laptopu inaonyesha simu imeingia, lakini skrini iko kimya, ni B na C, tena mara nyingi ni B.

Jipigie tena kwa laptopu kama mwanzo. Utaona vituko na vingi si makosa. Herufi ndogo kutoka laptopu zinatokea kama mistari na maua ya karata, bonyeza SHIFT na kile kitufe chenye alama ya Commodore pamoja, zitakuwa herufi, ila kubwa imekuwa ndogo na ndogo kubwa. Mistari kutoka laptopu inaungana yote, kwa sababu nc inatuma alama ya kushuka mstari ambayo Commodore haiitambui. Upande wa laptopu mstari mpya unaandikwa juu ya ule wa kwanza, sababu ni hiyo hiyo imegeuzwa.

Kisha toka nje, piga telehack.com, tovuti ya kuigiza mitandao ya kitambo, mlango wa 23, herufi kubwa ama ndogo kwa jina haijalishi:

ATDT"TELEHACK.COM:23"

Na hapo utajua kasi ni nini. Kila herufi inachukua biti kumi, ya kuanza, nane, ya kusimama. 300 ni herufi 30 kwa sekunde, na skrini ya Commodore ni herufi 40 kwa mistari 25, elfu moja, kwa hivyo kujaza skrini ni sekunde 33. Jaribu mara moja kwa 300, ni kama kumtazama mtu akiandika barua. Na fikiria hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 90 kuna watu walikuwa wanapitisha barua pepe kwa FidoNet, ule mtandao Tom Jennings alianzisha 1984, modemu moja inapigia nyingine, inamwaga barua zote kwa mpigo, inakata, maana kila dakika ya simu ya nje ilikuwa pesa. Kwa 1200 skrini ni sekunde nane. Lakini ile programu yetu ya mistari minne ni BASIC, ni mzee, kile kikapu cha kupokea ni baiti 256 tu, bodi ikimwaga skrini nzima herufi zinaanza kupotea katikati. Hiyo pia si modemu. Hapo weka CCGMS, terminali ya Commodore ya siku nyingi ambayo bado inapata matoleo mapya, inajua ASCII na PETSCII na rangi zote, na kama una kile kifaa cha kadi ya SD cha kuigiza diski ni kazi ya dakika tano. Ukipiga bodi za wenyewe wa Commodore zinazoongea PETSCII ndio utaona ile skrini ilitengenezewa nini.

Wewe kupigiwa ni hadithi nyingine. Intaneti nyingi za nyumbani na za simu hapa kwetu zinakuweka nyuma ya anwani moja na majirani mia, unaweza kutoka lakini hakuna wa kuingia, kwa hivyo usipange kufungua bodi yako chumbani kabla hujauliza mtoa huduma wako kama atakupa anwani ya peke yako.

Wenye mashine nyingine: kama kompyuta yako ina RS-232 ya kweli, ile poti ya modemu ya kawaida, PC za zamani zote za DB9 ama DB25, usiguse hizi resista, pale volti zinaenda juu na chini ya sifuri na zitaua ESP papo hapo. Nunua bodi ndogo ya MAX3232, chipu ya kubadilisha hizo volti, na usome maandishi ya chipu yenyewe kabla ya kulipa, mara mbili nimepewa MAX232 ambayo inataka 5V, wameniambia "ni ile ile mkubwa". Si ile ile.

Kitu cha mwisho ambacho bado nakipima, na ndio sababu bodi haijaenda kuchapishwa, ni ile njia ya UP9600 ya Daniel Dallmann. Kwa kawaida Commodore inahesabu biti yenyewe kwa programu na juu ya 2400 inaanza kukosea, lakini ukiunganisha pini 7 pamoja na B na C, pini 5 pamoja na M, na pini 4 na 6 zenyewe kwa zenyewe, chipu za CIA zinafanya hiyo kazi ya kuhesabu na unafika 9600, skrini nzima kwa sekunde moja. Modemu unaiambia ATB9600, na CCGMS unachagua UP9600 kwa menyu. Kwangu inaenda usiku kucha bila kukosa ikiwa nyaya ni fupi, lakini nikiweka kebo ya kama nusu mita inaanza kutapika, na sijaamua kama ni zile 10k zinapunguza kasi ya waya kupanda ama ni bredibodi yangu imechoka. Kwa hivyo ukiijenga anza na nyaya zisizozidi sentimita 15, pima kwa 1200, kisha 2400, kisha ndio uunganishe hizo pini za ziada, na kila ukibadilisha waya zima vyote viwili, Commodore kwanza halafu chaja.